Farasi za Mbao Juu ya Makaburi ya Masisi

Watu wananiuliza habari ya ile parki ya Masisi kama vile ilikuwa paradiso. Eti kulikuwa chui, bwawa la samaki wekundu, bembea, na farasi za mbao za kuzunguka. Ndiyo, vyote vilikuwako. Lakini wenye kuisifu walikuwa hawajazaliwa, na hakuna hata mumoja anayeniuliza pale palikuwa nini mbele, kabla ya parki. Basi leo mutanisikiliza, na muntu asinikate maneno.

Pale palikuwa makaburi yetu. Sisi hatukuweka mawe wala saruji. Muntu akizikwa, kichwani pake tulipanda ule muti mwembamba wa majani marefu, wenye haufe hata ukikatwa, na kila familia ilijua wake. Mama yangu alizikwa pale ningali mudogo, wakati Wazungu walikuwa kwenye vita yao. Yeye alikuwa wa Walikale, muntu wa pori. Papa alikuwa mulimaji wa maharagwe wa vilima vyetu, na alinipeleka mara nyingi mbele ya ule muti nimusalimie Mama.

Vita ilipokwisha, Muzungu wa poste, mwenye kututawala, akataka mahali pa kutembeza bibi na watoto siku ya Mungu. Akaona kile kiwanja, akakipenda. Kama aliuliza muntu, mimi sijasikia. Alisema miti ni mizuri ila imesimama ovyo ovyo, basi ing'olewe na kupandwa tena kwa mustari, pande mbili za njia. Papa alikuwa kati ya waliopewa majembe. Muti wa Mama aliukumbatia kifuani, akaupanda yeye mwenyewe karibu na barabara, akaushika kwa macho asiusahau. Kisha wakasawazisha udongo kule ulikotoka, na miti yote ikatoa majani mapya. Hilo lilinichukiza kuliko yote, kwamba hata mumoja haukukauka.

Hapo njo watu wetu walipokosana. Wengine walisema muti umehama, muntu hajahama. Wengine wakasema hapana, marehemu anafuata muti wake. Papa alikuwa wa hawa wa pili. Kila siku ya Mungu, akitoka misa, alisimama nje ya ua akamuhadithia Mama kupitia matundu ya waya: mvua imekawia, ng'ombe za jirani zimeingia kwenye maharagwe, binti yako ana kichwa kigumu. Sisi weusi hatukuingia ndani bila kazi.

Mimi niliingia kwa kazi. Nilikuwa yaya wa mutoto wa Muzungu mumoja mwenye shamba upande wa Mushaki. Chui nilimuona, alitoka pori la Walikale. Alizunguka muchana wote, ila kona moja ya kizimba chake hakuikanyaga hata siku moja, hata nyama ikitupwa pale. Asubuhi moja kizimba kilikuwa kitupu na kufuli limefungwa. Wakamufukuza mulinzi, eti ameiba chui. Mawe! Muntu anaiba chui, anamupeleka wapi?

Farasi za mbao zilizungushwa na wanaume wawili waliosukuma boriti. Mimi nilitembea kando, nimemushika mutoto asianguke. Alikuwa anajua Kiswahili kuliko Kifaransa chao. Siku ile ukungu ulikuwa umeteremuka ingawa ilikuwa muchana, na kila tulipofika upande wa bwawa mutoto alivuta muguu juu.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ule mama ananishika."

"Mama gani?"

"Ule iko chini."

Nilitazama chini. Kulikuwa majani tu, yamekatwa vizuri. Tukazunguka tena, na palepale akavuta muguu, safari hii akicheka, kama muntu anayetekenywa na ndugu yake. Wale wanaume wakaacha boriti. Lakini farasi hazikusimama. Ziliendelea polepole, polepole, mpaka yule mutoto akafika upande wa bwawa, njo zikasimama. Nilimunyakua nikakimbia naye, na sandali yangu moja ilibaki kule mpaka leo.

Bibi ya Muzungu alisema mimi njo namutia mutoto woga, akanifukuza. Lakini yeye mwenyewe hakurudi pale, na Wazungu wengine wakaacha mumoja mumoja. Farasi zikapakiwa kwenye kamyo kuelekea Sake, samaki wakafa, waya wa ua ukachukuliwa na wenye kuku. Ikabaki ile mistari miwili ya miti, na duara ya udongo mahali farasi zilipozungukia, majani hayakuota pale tena.

Mimi nikaolewa, nikazaa binti. Na binti akakataa kunyonya. Maziwa yalikuwa yananitoka yanalowesha nguo, na yeye anageuza uso. Masista walimupa matone kwa kijiko, padri akamubatiza haraka haraka, na nilijua maana ya ile haraka. Mutoto alikuwa anakauka mikononi mwangu. Nililia mpaka bwana yangu akaogopa.

Mama mudogo wangu, ndugu ya Mama, alifika kwa miguu kutoka Walikale. Alimutazama mutoto, akaniuliza kwa ukali:

"Mumemuonyesha nyanya yake?"

Kwao, muzaliwa wa kwanza wa binti analazwa juu ya kaburi la nyanya, apokelewe. Asipopokelewa hakai. Papa akasema ni jambo rahisi, tumupeleke kwenye muti. Tulienda saa ile ile, na ukungu nao ulikuwa umeshuka tena. Nilimulaza mutoto kwenye shina, Papa akamutaja jina lake mara nyingi, kwa furaha. Hakuna kitu. Mutoto alikuwa hata kulia ameshindwa.

"Unamuonyesha muti," Mama mudogo akasema. "Ndugu yangu iko wapi?"

Basi nikamukumbuka ule mama wa chini, nikamubeba mutoto wangu, nikaenda kwenye ile duara, upande wa bwawa. Nilikaa chini kwenye udongo mutupu, nikamulaza. Udongo ulikuwa na joto. Kule Masisi, kwenye ukungu, udongo una joto! Mutoto akafungua macho akatazama kitu karibu na uso wake, kitu chenye mimi sikukiona, akacheka bila sauti. Kisha akalia, kwa nguvu, na nilipomuinua alishika ziwa akavuta mpaka nikaumia.

"Papa!" nikaita. "Papa, Mama iko hapa! Kuja, iko hapa!"

Hakuja. Nilimuona kwa shida kwenye ukungu, mukono wake ungali juu ya ule muti. Aligeuka kwangu, na uso kama ule sijauona tena kwa muntu mwingine.

"Kama iko kule," akasema polepole, "huyu wa hapa, mwenye ananijibiaka miaka hii yote, njo nani?"

Mama mudogo aliniziba kinywa nisijibu. Mutoto alikuwa ananyonya. Papa yangu alibaki amesimama pale, na hakutoa mukono wake kwenye muti.