Pascasie wa Troyeville na Mfuko wa Nywele

Alizaliwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, katika juma la Pasaka la mwaka 1976, na kwa sababu hiyo akabatizwa Pascasie. Vita vilimkimbiza akiwa msichana hadi kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Huko alikuwa akishona nguo za ubatizo kwa vitambaa vya msaada, na huko ndiko alikosikia wito wake, si wa utawa, bali wa kukaa na wagonjwa wasio na mtu. Mwaka 2004 alifika Johannesburg pamoja na mumewe Salvator, wakapanga chumba katika mtaa wa Troyeville, na miaka miwili baadaye wakampata binti yao Joséline. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nami niliyekuwa katekista wa jumuiya yake sina madaraka hayo. Naandika niliyoyaona, pamoja na yale ambayo ningependa kuyasahau.

Mwezi wa Juni 2016, akioga, alipapasa uvimbe mgumu katika titi la kushoto. Miezi mitatu hakumwambia mtu, kwa kuwa alishuku kwamba hospitalini wangeuliza karatasi zake za ukimbizi kabla ya kuuliza anaumwa nini. Alipojikaza na kwenda, alikwenda kwa siri, kila Jumanne. Salvator alikuwa mlinzi wa duka, kazi yake kupekua mikoba ya watu mlangoni; akaanza kupekua na wa mke wake, akiamini kuna mwanamume. Akakuta kadi ya kliniki.

“Unanificha nini, Mama Joséline?”

“Ni saratani, Baba Joséline. Ya titi. Nilitaka mtoto amalize mwaka wa shule kwanza.”

Januari 2017 alianza kutiwa dawa kwa mshipa, dawa nyekundu iliyomtapisha siku tatu kila mara. Katika jumuiya tulinong'ona kwamba wageni ndio wanaojaribiwa dawa hizo. Kisha Mama Arlène, Mkongomani, msusi wa nywele na kiongozi wetu wa maombi ya Alhamisi, akasema, “Titi halivimbi bure. Kuna mkono wa mtu.” Tukautafuta mkono huo, wala hatukwenda mbali. Katika chumba kinachotazamana na cha Pascasie alikaa Tabia, Mwislamu wa Buyenzi kule Bujumbura, muuza vitambaa katika mtaa wa Fordsburg. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini alimletea mgonjwa uji, akamfagilia chumba. Kwa nini ajisumbue hivyo, mtu asiye ndugu wala wa dini yetu? Nakiri kwamba aliyeuliza swali hilo, tena kwa sauti, tukiwa kwa Pascasie, ni mimi.

Nywele za Pascasie zilikuwa zimeanza kudondoka. Alhamisi moja jioni, mwezi wa Februari, tukiwa tumekusanyika kwake kusali, Mama Arlène alimwona Tabia akitoka kwenda bombani bila kufunga mlango. Akaingia chumbani mwa Tabia, akarudi ameshika mfuko wa plastiki.

“Oneni! Ni nywele za Pascasie. Nimezisuka kwa mikono hii!”

Salvator akachukua kirungu chake cha kazi. Tabia alitokea na ndoo ya maji, akatukuta mlangoni.

“Sema, mlozi! Nywele za mke wangu zinafanya nini kwako?”

“Nazifagia kabla Joséline hajaamka,” Tabia alisema. “Nikizitupa kwenye pipa la uani mtoto ataziona. Sikujua niziweke wapi.”

Hakuna aliyemwamini. Ndipo Pascasie alipoinuka kitandani, akishika ukuta, akasimama kati ya mumewe na jirani yake.

“Tabia, uji wako nimeumwaga. Wiki tano, kila asubuhi, ukishatoka tu. Niliogopa sumu, nami nikakuambia ulikuwa mtamu. Nisamehe.” Kisha akatugeukia sisi. “Mnamtafuta mwenye moyo mbaya? Ni mimi.”

Tabia aliweka ndoo chini. Aliingia kwake akafunga mlango, na siku tisa hakuonekana kwa Pascasie. Kila siku, hata zile za kutapika, Pascasie alivuka ukumbi, akabisha, akasubiri, akarudi. Siku ya kumi mlango ulifunguliwa. “Eish, Mama Joséline, umekonda,” alisema Tabia. “Ingia.”

Mwezi wa Agosti titi lilikatwa. Salvator hakuweza kulitazama kovu. Tabia ndiye aliyemfundisha kulisafisha, akimwongoza mkono. Mwaka 2018 Pascasie alipata nafuu, akazunguka nyumba kwa nyumba hadi mtaa wa jirani wa Bertrams kuwafundisha wanawake kujipapasa matiti. Wengine walimfungia mlango, wakisema anasambaza ugonjwa. Alirudi kwao juma lililofuata. Mwishoni mwa mwaka saratani iliingia mifupani, na asubuhi ya tarehe 9 Mei 2019 akafariki, Salvator, Joséline na Tabia wakiwa kando yake. Neno lake la mwisho lilikuwa kwa binti yake: “Usimwulize mtu nani aliniua. Niliugua, mwanangu.”

Wako wanaosimulia kwamba mama fulani alisali kaburini pake na uvimbe ukayeyuka. Niliomba kuona karatasi za hospitali. Sijaonyeshwa, kwa hiyo sithibitishi. Ninaloweza kuthibitisha ni kwamba Mama Arlène alijipapasa kama alivyofundishwa, akakuta kivimbe kikiwa bado kidogo, akatibiwa, na yu hai. Aliyempeleka kliniki ni Tabia.

Mimi nilichelewa kuliko wote. Desemba 2019 ndipo nilipokwenda kwa Tabia kumwambia kwamba lile swali lililomchafua lilikuwa langu.

“Najua, mwalimu,” alisema. “Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Nilikuwa nakungoja.”

Atakayetaka kumwiga Pascasie, asingoje kama nilivyongoja mimi.