Dalali wa Getini

Kabla ya kushika funguo za geti la shule, Mama Geti aliuza nguo za mitumba miaka kumi na tisa. Huko alijifunza kwamba mpiga kelele hana neno. Wa kuchungwa ni yule aliyenyamaza.

Jumatano moja, kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, binti wa kidato cha pili alifika getini kimya, mkono umezama mfukoni mwa sketi. Mama Geti akasukuma komeo.

"Mfukoni kuna nini, mwanangu?"

"Hamna kitu, mama."

"Hicho hamna kitu kina ncha. Kinatoboa kitambaa."

Ilikuwa bikari ya hesabu. Nje alisubiri mwenzake wa darasa, Twiga, mrefu kuliko wote, aliyekuwa akimsimanga wiki nzima kwamba mama yake anafagia vyoo vya stendi. Binti alikwishapewa onyo la mwisho. Kofi moja tu, achilia mbali bikari, na shule ingekuwa basi.

Mama Geti hakuhubiri. Mahubiri hutolewa bure, na cha bure hakina mnunuzi. Alimwita mwalimu wa malezi, akamkabidhi bikari, kisha akamrudisha Twiga ndani. Wakaketi wanne kwenye kibanda cha ulinzi, magoti yakigusana.

"Haya, tajeni bei."

"Aniombe radhi mbele ya shule nzima," binti alisema.

"Labda ndotoni," Twiga akajibu.

"Mteja kakataa. Shuka kidogo."

"Mbele ya darasa, basi."

"Twiga, wewe unatoa ngapi?"

"Humu humu kibandani."

"Mashahidi wawe mafagio? Panda."

Twiga akatafuna ukucha. "Na yeye aache kuniita ngazi ya fundi umeme."

Mwalimu alitazama dari, mabega yakimtikisika. Kumbe mzigo ulikuwa na wenyewe wawili. Wakakubaliana: waombane radhi kesho asubuhi, mbele ya mwalimu, kila mmoja na mashahidi watatu, na mama za watu wasitajwe tena.

Twiga aliinuka, akasita. "Mama yako alikasirika sana?"

"Hajui. Niliyekasirika ni mimi."

"Basi pole."

"Hiyo haihesabiki. Mashahidi hawajafika."

"Chukua tu, ni nyongeza."

Binti akacheka kabla hajajizuia.

Mama Geti alipofungua, kundi zima la wanafunzi lilikuwa limejipanga ukutani nje likingoja ngumi.

"Mama, wanapigana saa ngapi?"

"Mmechelewa, wanangu. Ugomvi umeshauzwa. Nendeni mkale."