Walisubiri Filimbi ya Mwisho

Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2013, saa tisa alasiri, nilikuwa pembeni ya uwanja namfokea beki wangu wa kushoto. Mke wangu alikuwa anakata roho, dakika kumi tu kwa gari kutoka pale.

Benchi zima lilijua. Mimi peke yangu sikujua.

Mimi shule nimeisoma kwa miguu. Enzi zetu hapa Korea, mtoto akijua mpira alilala kambini. Darasani alionekana siku ya mtihani, akaandika jina, akatoka. Nimecheza beki wa kati miaka kumi na nne, nimevunjwa pua mara tatu, ndipo wakubwa wakanipa ukocha.

Siku hiyo tukifungwa, tunashuka daraja. Tulikuwa kambini tangu Jumatano, simu zote zimekusanywa kwenye ndoo, na yangu humo humo.

Nyumbani, mke wangu Mi-ryeong alikuwa na majirani wanatengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha, ya msimu wa baridi. Akaangukia beseni la kabichi. Saa sita hospitali wakapiga simu klabuni.

Tulishinda moja bila. Vijana wakanirusha juu.

Nilipotua nikamwona msaidizi wangu, Geum, analia.

"We mzee vipi? Hatujachukua kombe, tumeponea chupuchupu tu!"

"Kocha, twende hospitali."

"Nani kaumia?"

Akaanza kutembea kuelekea garini.

Mi-ryeong alifariki saa tisa na dakika ishirini. Nesi akaniambia fahamu zilikuwepo karibu mpaka mwisho. "Alikuwa anauliza tu, baba Eun-sol yuko wapi?"

Msibani, mwenyekiti wa klabu, Bwana Ok, alikuja na shada la maua refu kuliko mlango. Nikamkamata tai.

"Nani aliamua nisiambiwe?"

"Si mimi, Kocha. Muulize meneja."

Meneja akarudi nyuma. "Mimi nilipata maagizo kutoka juu."

"Juu wapi? Juu yako si huyu huyu niliyemshika tai?"

Ndipo nahodha wangu, Bang, akaweka kijiko chini.

"Kocha, mwaka juzi mama yangu alipofariki, wewe uliniambia baada ya mechi. Ulisema beki haachi nafasi yake."

Nikaiachia tai.

Ni kweli nilifanya. Nami nilifanyiwa hivyo kwa baba yangu, nina miaka kumi na tisa, nikadhani ndio uanaume. Nimeshamwomba Bang msamaha kwa magoti. Wewe unayesoma, kazi isikushikie simu yako. Wakubwa hao hao walinifukuza mwezi wa tatu, kwa barua ya mistari miwili.

Lakini kitu kimoja hakinitoki. Mama yake Bang nilimficha akiwa ameshakufa. Mke wangu alikuwa hai, saa tatu nzima, ananiita.

Kila alipouliza niko wapi, nani alimwambia asubiri?