Siku Niliyoihamishia Radi Kwenye Ndoo ya Asumini

Wenzangu, hili nimelikalia kimya tangu masika, lakini nasikia huko dukani wanalisimulia vibaya kuliko lilivyokuwa, basi bora nilisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na mdomo ni wangu.

Mjukuu wangu Upendo ni fundi umeme, na hapa kwangu Tegeta ana redio, si ya taarifa ya habari, ni ile ya kuongea, anabonyeza, anaita, na mtu wa nchi nyingine huko anaitika (leseni anayo, msije mkasema tunaroga). Kaiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, miaka miwili. Juu ya bati kasimika mlingoti wa antena, na kutoka mlingotini umeshuka waya mnene wa shaba mpaka kwenye fimbo ya chuma aliyoipigilia ardhini ikazama, kikabaki kichwa tu. Akaniambia, "Bibi, radi ikija, hii ndiyo njia yake ya kwenda ardhini. Usiiguse."

Basi Jumamosi moja nikawaalika wenzangu wa kwaya waje saa kumi wamuone mjukuu wangu akiongea na dunia, na mie nimeshaandaa salamu zangu, wiki nzima nazikariri jikoni. Upendo kaenda Mbezi Beach kutengeneza friji la mtu. Napanga viti barazani, kimoja kikagoma kukaa sawa, kumbe mguu wake umekalia ule waya wa shaba, pale unapofungwa kwenye fimbo. Nikachukua kisu cha jikoni, nikalegeza skrubu, nikauchomoa waya nikauchomeka kwenye ndoo ya plastiki niliyopanda asumini, pale mlangoni. Nikasema udongo ni udongo. Tena palipendeza.

Saa tisa na nusu wageni wakafika, na wingu nalo likafika, jeusi kama sufuria la msibani. Hapo ndipo nikaanza ubingwa. Nikawaingiza wote ndani, nikafunika kioo kwa kanga (kwetu Songea radi haioneshwi kioo), nikaichomoa redio kwenye umeme, nikaifunika pia, halafu nikamgeukia jirani yangu Mama Eliza, aliyekuja na gauni jekundu linawaka.

"Mama Eliza, unataka kutuua? Radi inapenda nyekundu."

"Jamani Bibi Upendo, hili ndilo gauni langu la kutokea."

"Kalivue huko chumbani. Vaa kitenge changu, na usiguse kitu cha watu."

Wenzake wakacheka. Akaenda, akarudi na kitenge, akasimama kando ya meza ya redio, anatazama ukutani.

Hazikupita dakika kumi radi ikapiga mlingoti wetu. Nyumba nzima ikawa nyeupe, ndoo ikapasuka, paa! na tope likaingia mlangoni likawapaka kwaya nzima kuanzia sauti ya kwanza mpaka ya tatu. Mie nilikuwa chini ya meza ya chakula, sijui nilifikaje na magoti haya, na nakiri kwa sauti, "Bwana nisamehe, waya nimeuhamisha mie, na Pasaka ile Mama Eliza hakukosea wimbo, nilimsingizia kwa mwalimu wa kwaya ili nikae mbele."

Mvua nayo ikamwagika.

Hapo Upendo akaingia, kaloa chapachapa. Akaitazama ndoo, akautazama waya, akaenda kuifunua redio, na mie nikafumba macho, maana miaka miwili ya mtoto yule nilikuwa nimeiua kwa kisu cha kumenyea vitunguu.

"Nani kachomoa waya wa antena?"

Si mie. Mie nilichomoa wa umeme, huo wa nyuma, unaotoka mlingotini kuingia redioni, niliusahau kabisa.

"Ni mie," akasema Mama Eliza. "Kuna karatasi yako hapo ukutani, umeandika wingu likitanda nyaya zote mbili zitoke. Nikaufungua nikautupa nje ya dirisha."

(Karatasi hiyo nimeipangusa vumbi mwaka mzima. Shule niliishia darasa la pili, maandishi madogo siyawezi, na kuuliza nilikuwa naona haya.)

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza, bado niko chini ya meza.

"Ningesema ungenisikia? Si ulishaniambia nisiguse kitu."

Upendo akanigeukia. "Bibi, ule waya ungebaki humo, na wewe umeiondolea radi njia yake, hapa tungekuwa tunafagia majivu."

Mvua ilipokata na wingu likaenda zake, akaunganisha, redio ikawaka, na mtu wa Komoro akaitika, anasikika kama yupo jikoni. Nikajipangusa, nikakohoa, nikajiweka tayari na salamu zangu. Upendo akachukua kile cha kuongelea akampa Mama Eliza, na Mama Eliza, na kitenge changu, na tope sikioni, akaisalimia Komoro halafu akaiimbia ubeti mzima, na sauti ile, wenzangu, sina cha kusingizia tena.

Mie nilipewa bisibisi. Nimepiga magoti kwenye tope la asumini yangu, nairudisha radi kwenye njia yake, nawasikia dirishani wanapiga makofi.

Tangu siku hiyo, kiti kikigoma kukaa sawa, nahamisha kiti.