Vidonge Nilivyogawa Shambani

Magoti yangu yalianza kunisumbua mwaka ule maji yalipokaa shambani kuliko kawaida. Sisi wa huku Kyela mpunga wetu uko ndani ya maji, na palizi yake ni ya mikono. Unainama, unashika jani kwenye shina, unang'oa, unalikanyagia kwenye tope kwa kisigino, unasogea. Nimeifanya kazi hiyo tangu sijavunja ungo na sikuwahi kuiona kuwa jambo la kusimulia. Ila mwaka ule nikishainama, kuinuka ikawa shughuli. Nilikuwa nashika paja kwa mikono miwili kama mtu anayeinua gunia.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeniletea vidonge. Yeye anakaa Njisi, karibu na mpaka, na maisha yake ni kuvuka mto Songwe kwenda Malawi na kurudi. Ng'ambo ana mashemeji, ana wakwe, ana pa kulala na wa kumpikia. Anakwenda na mchele, anarudi na vitenge na sabuni. Siku hiyo alifungua fundo la khanga akatoa vidonge vya rangi mbili, nusu kijani, nusu njano.

"Meza kimoja asubuhi, wifi. Halafu utakuja kunisimulia."

"Vya nini hivi?"

"Vya mgongo, vya magoti, vya uchovu. Wale wapakiaji wa kakao wanavimeza. Huwaoni wanavyobeba?"

"Daktari gani kavitoa?"

"Wewe naye! Daktari atakwambia upumzike. Haya, upumzike, mpunga apalilie nani?"

Nikameza. Nasema ukweli, kabla chai haijatulia tumboni magoti yalikuwa yamenyamaza. Tena si magoti tu, hata moyo ulikuwa mwepesi. Nilipalilia siku hiyo huku naimba nyimbo za kanisani, na jioni nilikuwa bado natafuta cha kufanya. Nilipaswa kujiuliza dawa ya magoti inamwimbisha mtu kwa sababu gani. Sikujiuliza.

Palizi hatuifanyi mtu mmoja mmoja. Tuko wanawake saba, tunazunguka, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba ndiye anayepika. Mnakula pamoja kwenye ungo mmoja, ndizi za kupika za mbalaga, dagaa wa usipa, chochote kilichopo. Na kinacholiwa shambani kinaliwa na wote. Hata ukiwa na karanga kiganja kimoja mfukoni, unazimwaga kwenye ungo. Mtu anayekula peke yake pembeni kwetu anatazamwa vibaya. Watasema ni mchoyo, na wakimaliza kusema mchoyo watasema na mengine.

Mimi nilikuwa namezea nyumbani. Siku moja nikachelewa, nikabeba kidonge kwenye pindo la khanga, na kazi ilipoanza nikajisogeza kwenye migomba ili nimeze. Mke mwenzangu akaniona.

Huyu mke mwenzangu mume wetu alimwoa mimi nikiwa tayari na watoto wanne. Alipofariki tukabaki wawili katika uwanja mmoja, nyumba yangu na nyumba yake, mlango unatazama mlango. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, ana nguvu na ana mdomo. Mimi ananiita dada. Mimi miaka yote nilikuwa namwita "wewe."

"Dada," akapaza sauti, "unatafuna nini huko kwenye migomba?"

"Dawa."

"Dawa gani ya kujifichia? Au ndiyo hiyo inayokufanya utupite siku hizi kama umepanda bodaboda?"

Wakacheka wote, wakasimama wima ndani ya maji, wananitazama. Niliona aibu. Sikuona aibu ya dawa, niliona aibu ya kula peke yangu. Kesho yake nikavileta vyote, na tulipokaa kula nikaviweka kwenye ungo, pembeni ya ndizi, kimoja kwa kila mtu. Wakapokea kwa mikono miwili. "Ndaga," wakasema, "ndaga fijo," shukrani ileile ninayopata nikigawa samaki. Niliona nimefanya heshima.

Basi tukawa hatushikiki. Shamba la siku nne tunalimaliza kwa siku mbili na nusu. Watu wa Ikolo wakawa wanatuita tukawapalilie na wao. Wifi akawa anapita kila wiki, na fundo lake limenenepa.

"Siku hizi sokoni hawaniulizi vitenge," akaniambia. "Mwenye bodaboda anaulizia, mpakiaji anaulizia, hata mwalimu kaulizia. Na kule ng'ambo wanaovileta hawana duka wala kibao. Unampigia mtu simu, anakuja na begi."

Hapo pia nilipaswa kushtuka. Dawa isiyo na duka. Lakini nilivipokea, nikavitia kwenye kopo la majani ya chai chini ya kitanda, na kila asubuhi ya palizi nikawa mgawaji. Mimi huyuhuyu ninayemfukuza mlevi uwanjani kwa ufagio.

Mke mwenzangu akaanza kuja kwangu hata siku zisizo za palizi. Anagonga asubuhi nikiwa sijawasha moto.

"Dada, mgongo."

Nampa. Baadaye ikawa asubuhi na mchana. Nikamwona anajikuna mikono, anaongea bila kituo, anapika chakula halafu hakigusi. Nikimwambia hakuna, ananinunia siku nzima na kuwapigia kelele kuku. Kuna siku nilimkuta anafagia uwanja jua la saa saba, uwanja ambao alikwisha ufagia asubuhi. Nilimwona, na nilijua kuna kitu. Ila ilinipendeza, niseme nini. Baada ya miaka yote ile ya kupandishiana mabega, alikuwa anakuja mlangoni kwangu kuomba.

Halafu akaacha kuja. Nikadhani amepona mgongo.

Tulikuwa kwenye shamba langu mwenyewe, upande wa Ikolo, jua limepanda. Yeye alikuwa mbele yangu, hatua tano hivi. Nilimsikia anasema "maji yanazunguka," nikafikiri ni mzaha wake. Akaanguka kifudifudi ndani ya maji. Mwili wote ukakaza, halafu ukaanza kutupwatupwa, tope linaruka. Sikumbuki nilivyofika. Magoti yale mabovu yalinifikisha. Nilimgeuza uso juu, nikamwekea mapaja yangu chini ya kichwa, na tope likamtoka puani. Wenzangu wakaja, tukamshika mpaka mwili ulipotulia. Macho yalikuwa wazi na hayaoni.

Tulimbeba mpaka barabarani, tukapata bajaji. Njiani wawili waliopanda nami hawakunitazama. Nilisikia mmoja ananong'ona kwa Kinyakyusa, na nilijua anachosema, maana hata mimi ningesema hivyo. Mke mkubwa. Shamba la mke mkubwa. Mke mdogo kaanguka.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, binti mpole mwenye miwani. Alimlaza ubavu, akampima, akatugeukia. Na wale wenzetu wengine walikuwa wamekwisha fika kwa bodaboda, tumejaa mlangoni na matope yetu.

"Mama zangu, huyu mgonjwa ana kifafa?"

"Hana," nikasema.

"Kuna dawa yoyote anatumia?"

Wote sita tunajua. Wote sita tumemeza asubuhi ileile. Mmoja wetu, yule aliyenong'ona kwenye bajaji, akasema, "Hana dawa, nesi. Haya ni mambo ya watu." Akanitazama.

Ningeweza kunyamaza. Ya uchawi yangenichafua jina, lakini hakuna ambaye angeniuliza habari za vidonge. Nimeona wanawake wanasingiziwa hivyo, wanaishi nayo na kufa nayo. Na nesi alikuwa amesimama anangoja, kalamu mkononi, na mke mwenzangu amelala anakoroma kama aliyezama.

"Anameza vidonge," nikasema. "Vya rangi mbili. Mimi ndiye niliyempa."

"Vingapi kwa siku?"

"Nampa kimoja, viwili. Kama anapata kwingine sijui."

Nesi akaomba mkoba wa mgonjwa. Ndani mlikuwa na karatasi tatu za vidonge vilevile, mbili zimeisha. Alikuwa ananunua mwenyewe pale wanapopakia kakao. Mgongo wake haukuwa umepona.

"Hii ni tramadol, bibi," nesi akasema taratibu, hakufoka. "Ni dawa ya hospitali, ya maumivu makali, inatolewa kwa cheti. Mtu akiizidisha inaweza kumwangusha namna hii. Na hizi zinazouzwa mkononi hata sisi hatujui ndani wametia nini." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Na wewe unameza?"

"Nameza."

"Na hawa?"

Wa kwanza akainua mkono, halafu wa pili. Yule wa mambo ya watu ndiye aliyekuwa wa mwisho, na aliuinua mpaka usawa wa tumbo tu.

Mgonjwa alipelekwa hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Daktari wa kule alimlaza siku kadhaa, akampa dawa za kumtuliza, na alipomruhusu akanikalisha kwenye kiti. Akaniambia mwili umekwisha zoea, utadai. Asirudie vile vidonge hata kimoja, na asiachwe peke yake.

Nikamhamishia nyumbani kwangu. Kopo la majani ya chai nililibeba lilivyo nikampelekea nesi, nikamkabidhi mkononi. Na mimi pia nikawa nimeacha, kama alivyonielekeza. Kwangu haikuwa kubwa. Nilipiga miayo, nikatoka jasho la baridi, miguu ikakataa kutulia, siku tano sita, ikaisha. Kwake ilikuwa kitu kingine. Tumbo lilimwendesha, pua zinamchuruzika, mifupa inamuuma mpaka analia kwa sauti. Mchana kutwa tulikaa uwanjani kwenye mkeka kwa sababu ndani alisema kuta zinamkaribia.

"Nipe kimoja, dada. Kimoja tu, nipumzike."

"Sina."

"Kopo liko chini ya kitanda."

"Liko kwa nesi."

"Mwongo wewe! Ulinizoesha kwa mkono wako, leo unanilinda kama askari. Unataka nife. Ulitaka nife tangu siku niliyoletwa hapa."

Nilikuwa nakoroga uji. Nikaona hakuna haja ya kudanganya.

"Siku ile nilitaka," nikamwambia. "Leo nataka unywe uji, mdogo wangu."

Akanitazama muda mrefu. Nafikiri ni lile neno la mwisho, maana alikuwa hajawahi kulisikia kwangu. Akachukua kikombe, akanywa nusu, akakitapika chote. Nikakoroga mwingine.

Wifi alikuja wakati bado hali haijatengemaa. Alimwona mgonjwa kwenye mkeka, akavua viatu, akakaa, akampa pole ya kweli. Halafu mkono ukaenda kwenye fundo, kwa mazoea tu.

"Hilo usilifungue," nikasema.

"Wifi, mimi sikumlazimisha mtu."

"Hata mimi sikumlazimisha. Niligawa tu."

"Nisipouza mimi watauza wengine. Njoo mpakani Kasumulu uone, kila mwenye begi anavyo. Na mimi nitakula nini?"

"Vitenge vyako nitanunua. Sabuni nitanunua. Hilo fundo lisifunguke uwanjani kwangu."

Alikasirika. Akaondoka bila kunywa maji, na kwetu hiyo si kidogo. Anauza bado, nasikia. Ninapokutana naye sokoni tunasalimiana, mugonile, mugonile, na tunaulizana habari za watoto. Sina la zaidi la kusema juu yake. Nampenda, na simruhusu.

Wenzangu wa palizi niliwaita kabla ya msimu uliofuata. Niliwaambia wazi: kosa lilianza kwenye ungo wangu, na anayetaka kuendelea kumeza atafute kikundi kingine. Wawili waliondoka. Mmoja bado yumo humohumo, namwona anavyojikuna. Yule wa mambo ya watu alibaki. Hakuniomba radhi, ila siku hizi yeye ndiye anayenishika mkono nikivuka mfereji.

Tumekuwa wazito. Shamba la siku nne linachukua siku tano, na mvua ikizidi, sita. Magoti yangu yananiuma. Nesi amenipa dawa yake ndogo ya kupaka na bendeji ya kufunga magoti, na ameniambia nikae kila baada ya muda, basi nakaa kwenye tuta kama kuku anayetaga. Mke mwenzangu amerudi shambani mwaka huu. Hatumruhusu kwenye maji marefu, wala kuwa mbele peke yake. Anapalilia pembeni, karibu nami.

"Dada, unapalilia au unayabembeleza hayo majani?"

"Fanya kazi yako."

"Nafanya. Wewe ndiye unayenichelewesha."

Na kuna jambo moja ameanzisha, hakumwuliza mtu. Wakati wa kula yeye ndiye anayeshika jagi na kutunawisha. Anamwaga maji kidogo, halafu anasimamisha jagi na kungoja. Unanyoosha mikono yote miwili, unafungua viganja, anavitazama. Kila mtu. Vikiwa vitupu ndipo anamwagia maji yaliyobaki na kusema, "Kula."

Mimi ananiweka wa mwisho. Ananitazama viganja kuliko wote, hata katikati ya vidole, mpaka wenzangu wanaanza kucheka na ndizi zinapoa. Nanyoosha mikono na kungoja. Wala simharakishi.