Transista Kumi za Mwalimu Mita

Mwalimu Mita alifundisha elektroniki katika chuo cha ufundi kwa miaka ishirini na mitatu, na muda wote huo hakuwahi kuisoma karatasi ya mtengenezaji wa transista mpaka mwisho. Mtu angemwambia hivyo mwaka jana, angekatwa jicho. Jina lake la utani alipewa na wanafunzi kwa sababu mita ya kupimia umeme haikumtoka shingoni. Mkewe alisema siku akifa watamzika nayo, maana kuivua itakuwa kazi ya mafundi watatu.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la transista ya jeifeti, kile kidude cheusi chenye miguu mitatu. Transista nyingine hulala mpaka uziamshe. Hii hupitisha umeme tangu mwanzo, na ukitaka kuizuia, unaupa mguu wake mmoja, unaoitwa geti, volti za hasi.

"Ni kama mpira wa kumwagilia," aliwaambia wanafunzi. "Maji yanapita yenyewe. Geti ndio mguu wako. Ukikanyaga, yanapungua."

Kisha kila mmoja alipewa transista yake na betri, apime umeme unaopita wakati mpira haujakanyagwa. Kitabu kilisema miliampea tano. Ubao wa maonyesho wa Mwalimu nao ulisema tano. Basi miaka nenda miaka rudi, madaftari yalirudi na tano, au nne nukta tisa kwa wale waliotaka waonekane waangalifu.

Mara moja tu, miaka kumi na minne iliyopita, daftari moja lilirudi na mbili nukta tatu. Lilikuwa la msichana waliyemwita Nukta, kwa kuwa hakuacha hata chembe ya tarakimu. Alikuwa amepima mara tatu na kuziandika zote tatu. Mwalimu Mita alimsimamisha mbele ya darasa.

"Wenzako wote wamepata tano. Wewe hii umeitoa wapi?"

"Nimepima, Mwalimu."

"Umepima au umepika?"

Darasa likaangua kicheko. Akampa nafasi ya kurekebisha. Nukta akasema hawezi kuandika asichokiona. Sifuri aliyopewa ilimwangusha mtihani wa vitendo, na muhula uliofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Mwalimu Mita alikula akashiba, akalala fofofo, na wala hakuuliza alikokwenda.

Sasa, mwezi uliopita, transista ya ule ubao iliungua. Alitoa mpya kwenye pakiti, akailehemu, akapima. Tisa. Akailaumu mita. Akabadilisha betri. Tisa ileile. Akatoa nyingine, ikasoma tatu na nusu. Alipomaliza alikuwa ameziweka kumi mezani, za pakiti moja na jina moja, na hakuna mbili zilizofanana. Tano haikutokea kabisa. Ndipo akaitafuta karatasi ya mtengenezaji na kuisoma hadi chini: kuanzia mbili hadi ishirini. Tano ya kitabu ilikuwa mfano tu, na ubao wake ulibahatika.

Alikaa kwenye kigoda cha karakana. Zile tano zote za miaka yote, walizitoa wapi? Walinakili. Aliwapa alama waongo, akamfukuza aliyepima kweli. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Iliyoungua ni transista au ni wewe?" mkewe alimuuliza siku ya tatu, chakula kikiwa kimepoa mbele yake. Akamweleza. Mama watoto hakucheka. "Mficha uchi hazai, baba. Mtafute ukamwambie."

Mtunza stoo wa chuo ndiye aliyejua: Nukta anashona nguo na wifi yake, chumba cha pili nyuma ya soko. Mwalimu Mita alikwenda na zile transista kumi na betri mfukoni. Njiani alijiandaa kutukanwa. Kusema kweli, aliyatamani hayo matusi.

"Shikamoo, Mwalimu! Karibu, karibu kiti!" Nukta alifurahi waziwazi. "Wifi, huyu ndiye aliyenifundisha chuoni."

Hakukaa. Alizipanga transista kwenye meza ya kukatia, kati ya chaki na nyuzi, akazipima moja moja huku wanawake wawili wakitazama. Tisa. Tatu na nusu. Sita. Saba nukta nane.

"Ulipima sawasawa," alisema. "Mjinga nilikuwa mimi. Nimemwandikia mkuu wa chuo matokeo yako yarekebishwe. Nimekuja kukuomba msamaha."

Nukta aliinama juu ya mita, akaisoma namba ya mwisho. Wifi yake ndiye aliyedakia.

"Kumbe! Mwalimu, huyu hagusi futi! Miaka tisa tunashona, mteja akiingia ananiita mimi nimpime, hata kama niko bafuni. Anasema macho yake hayafai kwa vipimo. Mimi nikidhani ni uvivu!"

"Ulinichukia," alisema Mwalimu Mita. Alikuwa kama anamwomba akubali.

"Hapana, Mwalimu." Nukta alisema taratibu, bila ukali wowote. "Mwanzoni nilikuwa nabishana na wewe kichwani. Kila siku. Halafu nikachoka, nikakuamini."

Mwalimu alianza kuzikusanya transista, moja moja.

Mteja akaingia na kitambaa chake, mwanamke mwenye haraka, akasimama katikati ya chumba na kunyoosha mikono. Nukta aliichukua futi iliyokuwa mezani, akaishika kidogo. Kisha akampa wifi yake.