Kikosi cha Kuamia Mpunga

Mimi ni mwoga. Nalisema mwanzoni, maana kikosini kwetu hakuna anayelisema. Nikitoka lindo huisafisha bunduki, naisafisha tena, na bado nalala nikihisi kuna chembe ya mchanga niliyoiacha. Lakini siku baba mdogo aliponipigia simu kutoka Ifakara, woga ulinitoka.

"Shamba la Mofu nalichukua," alisema. "Mwanajeshi hana msimu. Mama yako anaamia ndege peke yake, sauti imemkauka. Wakiumaliza mpunga mwaka huu, nampa mtu mwingine alime."

"Shikamoo, baba mdogo. Shamba hilo la marehemu baba, na mwanawe yuko hai."

"Yuko hai, yuko wapi?"

Nilikuwa kwenye kilima cha nchi ya jirani, tulikopelekwa kuwalinda wanavijiji waliofukuzwa na vita mashambani mwao. Nalinda mihogo ya watu, mpunga wetu unaliwa!

Nikampigia mama. Alikuwa juu ya dungu, kile kichanja anachokaa tangu alfajiri kuwapigia ndege kelele. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Mwanangu, wewe rudi salama tu. Shamba liache."

"Siliachi, mama."

Nikamkumbuka muuza mitumba wa sokoni Ifakara, jirani yetu, ambaye kipaza sauti chake hurudia maneno yaleyale kutwa nzima. Nikamwambia mama akakiazime. Kisha nikawakusanya wenzangu wa hemani, nikawasha simu irekodi kelele zetu za kuwafukuza ndege.

"Sisi wa mjini ndege tunakutana nao kwenye sahani," mmoja alilalamika.

Msukuma wetu akapiga mluzi mrefu. "Huyo anaita ng'ombe!" wakamcheka. "Watakuja kunywa maji!"

Nikafuta. Tukaanza upya. Nikafuta tena, mpaka wakanichoka, mpaka sajenti akatokea.

"Nyie! Mnamwonyesha adui tulipo?"

"Adui anatujua tulipo, afande. Ndege wa Mofu ndio hawajui."

Nilishajiandaa kwa adhabu. Nilipomweleza habari ya shamba, akavua kofia, akapiga yowe lililotuzidi sote.

Rekodi hiyo ndiyo niliyoituma. Mwishoni sauti yangu inapasuka kama ya mtoto. Inaniudhi hadi leo. Niliomba nitume nyingine safi, mama akakataa. Alisema ikifika hapo kwenye mpasuko ndipo ndege wanaporuka wote.

Mpunga ulipoanza kuinamisha masuke, baba mdogo alipiga tena.

"Nimepita Mofu. Shambani kwenu mna wanaume wangapi?"

"Kikosi kizima."

"Usinifanye mtoto. Nimeona spika imefungwa dunguni."

"Na mpunga umeuona?"

Nilisikia ng'ombe wakipita karibu naye.

"Nimeuona," akasema.

"Basi wiki ya kuvuna njoo na mundu, baba mdogo. Mama atakuonyesha pa kuanzia."